Barua ya Anastazia Mwingine

Katekista wetu anaogopa sindano. Naanza na hilo makusudi, maana watu wakimsifia mtu humfanya jiwe, na huyu si jiwe. Siku manesi walipokuja kigangoni, kanisa letu dogo la kijijini, kuchanja, mzee mzima alijificha sakristia akisingizia anapanga mishumaa. Tulimtoa mimi na mkewe, mmoja mkono wa kushoto, mwingine wa kulia, na alipochomwa alipiga ukelele mpaka watoto waliokuwa kwenye foleni wakaanza kulia. Lakini mtu huyohuyo, tembo wakiingia kwenye mahindi yake, maana shamba lake liko njia ya Sitalike upande wa hifadhi, hutoka na debe na fimbo akawasogelea karibu kabisa huku akiwatukana kwa Kifipa. Nilimuuliza siku moja, Katekista, mbona sindano na si tembo? Akasema, "Tembo hana habari na mimi, anataka mahindi. Nesi ananitaka mimi."

Mimi ni fundi cherehani. Nimemjua tangu nilipoolewa huku nikitokea Misunkumilo, na hiyo ni miaka ishirini na kitu. Jina lake sitalitaja, na mwenyewe halipendi. Kwetu yeye ni Katekista, basi. Hata mkewe humwita hivyo akiwa amekasirika, na akiwa hajakasirika pia. Ameniudhi mara nyingi kuliko mume wangu alivyowahi kuniudhi, na marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kuudhi. Naandika haya Katekista angali hai, na nataka abaki hivyo. Ndiyo maana nimeiacha cherehani na vitambaa vya watu vimelala mezani.

Kigango chetu kizima kina sanduku moja la posta, liko mjini Mpanda. Kila Ijumaa Katekista hupanda baiskeli yake, siku hizi akichoka hupanda bodaboda, akaenda kulifungua. Vijana humcheka, wanasema mzee barua zimekufa, watu wanatumiana meseji. Hazijafa. Shule bado zinaandika, mahakama zinaandika, mabaraza ya ardhi yanaandika, na wapo watu waliofungwa jela ambao simu hawana. Jumapili, baada ya matangazo, Katekista hunawa mikono kwenye beseni dogo pale mbele, hufuta kwa kitambaa cheupe kama padri, ndipo huzitoa barua kwenye mfuko wa rambo. Kunawa kwenyewe huchukua muda. Kwaya tunamwangalia tumbo likilia njaa, naye anasugua kucha moja moja.

Halafu husoma majina. Husoma jina la ubatizo tu, na jumuiya anakosali mtu. "Yohana wa Mtakatifu Rita." "Veronika wa Mtakatifu Yosefu." Jina la ukoo hasomi ng'o. Mgeni akisikia anadhani ni uzee, kumbe ni amri yake mwenyewe na ina sababu.

Zamani alikuwa akisoma majina yote. Sasa kigango chetu ni mchanganyiko, kuna Wafipa, Wabende, Wapimbwe, Wasukuma waliofuata malisho, na kuna wale ambao wazazi wao walivuka kutoka Burundi wao wakakulia kwenye makazi ya wakimbizi. Watu wanaishi vizuri, wanazikana, wanaoana. Lakini Jumapili moja alisoma jina kamili la mama mmoja, na lile jina la ukoo likasema lenyewe alikotoka. Mwanamume mmoja kwenye mabenchi ya nyuma akatamka kwa sauti, "Kumbeee!" Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, sitasema uongo. Yule mama alikuwa ameshasimama kwenda kuchukua barua yake. Akakaa. Barua hakuichukua, na kanisani hakuonekana karibu mwaka mzima.

Katekista alimfuata nyumbani kila wiki mpaka aliporudi. Na tangu siku ile akafunga mdomo kuhusu koo. Alituambia mbele ya altare, akiwa mwekundu macho, "Nyie mnacheka jina la mtu? Basi hamtalisikia tena. Humu ndani hakuna ukoo." Watoto wetu wamekua hivyo. Wakienda mbali na wakatuandikia, huandika kama walivyozoea kusikia, jina la ubatizo, kigango, sanduku la posta, Mpanda. Mtu wa mahali pengine angeshangaa barua kama hiyo inafikaje. Inafika, kwa sababu Katekista anajua miandiko ya watoto wote aliowafundisha komunyo ya kwanza.

Mara nyingine haifiki. Tuna Yohana wawili katika Mtakatifu Rita, mmoja kijana, mmoja mzee mwenye jicho moja. Kampuni fulani ya utalii ilimwita yule kijana kwenye usaili wa kazi ya kuongoza wageni porini, barua akapewa mzee. Si alinyoa ndevu! Akapigisha suruali pasi, akaja kwangu nimpunguzie koti, anasema, "Wamenikumbuka." Tulipogundua ilikuwa imebaki siku moja. Katekista akampakia yule kijana kwenye baiskeli yake akampeleka mwenyewe, kisha akarudi kukaa na Yohana mzee kibarazani mpaka jua likazama, maana mzee alikuwa amelia.

Hapo ndipo alipotunga sheria yake. Ukipewa barua ukaona si yako, koma hapohapo ulipofika. Usimalize mstari. Ifunge kwa ugali wa moto, irudishe, naye Jumapili inayofuata ataita jina upya na hakuna atakayeuliza kitu. Tukimlalamikia kwamba wiki nzima ni nyingi, hujibu, "Barua haina haraka. Mwenyewe ndiye ana haraka."

Usidhani ni mtu asiyependa habari za watu. Loo! Atakuuliza umepika nini, mbuzi umemnunua kwa nani, mkweo ameondoka lini na kwa nini mapema. Akipita kwangu hufunua nguo za wateja, akasema huyu kanenepa. Siku moja nilimfukuza na futikamba yangu. Lakini barua ya mtu hata iwe wazi mezani, yeye hugeuza uso. Sijawahi kumwelewa kwenye jambo hilo, na kwa muda mrefu nililiona ni majivuno tu.

Kuna jambo moja zaidi lazima mlijue. Miaka kadhaa nyuma vijana watatu walivunja duka la mjane mmoja hapa kijijini, wakamkata panga mlinzi wake, mlinzi akapona lakini mkono haukunyooka tena. Katekista alikuwa akitoka kumwombea mgonjwa, akaona uso wa mmoja wao. Wote tulijua yule kijana ni mtoto wa nani kule Majimoto, mtu wa kuogopwa, wapo na wengine waliomwona, lakini wakasema kulikuwa na giza. Katekista alikwenda mahakamani. Mimi nilikuwepo, nilimshonea shati la siku ile. Alitetemeka mpaka karani akamletea kiti. Kijana akiwa kizimbani akamtazama muda wote, hakupepesa. Hakimu akauliza, "Una hakika, mzee?" Akajibu, "Ningependa nisiwe nayo." Akamwonyesha kwa kidole. Wenzake wawili hawakupatikana, yeye akafungwa.

Sasa barua.

Ilikuwa Jumapili wakati wa mvua. Katekista akanawa, akasoma, kisha akasema, "Anastazia wa Mtakatifu Rita." Katika jumuiya yetu Anastazia ni wawili. Mimi, Anastazia wa Cherehani, na mwenzangu tunayemwita Anastazia wa Dagaa, kwa kuwa huchukua dagaa Karema ziwani na kuwauza hapa. Ndiye yule mama aliyechekwa jina. Siku hiyo hakuwepo, alikuwa amefuata mzigo. Kwa hiyo nikasimama mimi.

Bahasha imeandikwa kwa herufi kubwa kubwa ambazo hata Katekista hakuzitambua, "Kwa mama yangu Anastazia." Nina mtoto mmoja, yuko Dar, hajawahi kuniandikia hata mstari, yeye ni wa simu na picha. Nikasema leo kanikumbuka. Wanakwaya wakanipigia vigelegele vya utani, nami nikajishaua kidogo nikienda kukaa. Nikaifungulia nyumbani, nimesimama, hata kitenge sijavua.

"Mama, shikamoo. Mimi mzima. Barua hii nampa mwenzangu anayetoka kesho aitie posta, maana huku barua zetu zinasomwa."

Jamani! Nilidhani mwanangu yuko ndani na hajaniambia. Nikasoma mstari uliofuata, anaulizia nyavu na mzigo wa Karema, nikaelewa. Alikuwa mtoto wa Anastazia wa Dagaa, yule aliyefungwa kwa kukutwa na nyama ya pori. Sheria ya Katekista inasema koma hapo. Sikukoma. Naomba nisihukumiwe na mtu ambaye barua kama ile haijawahi kuwa mkononi mwake.

"Mama, nalala chumba kimoja na yule aliyefungwa kwa ushahidi wa Katekista. Anatoka mahindi yakikauka. Kila siku anasema safari yake ya kwanza ni kwa Katekista, na haendi kumsalimia. Nimemsikia akipanga. Mama, mwambie Katekista ahame. Lakini asiende polisi, na wewe usimwambie mtu mwingine. Wakijua mimi ndiye niliyesema, huku sitoki mzima. Nimebakiza miaka miwili."

Nilikaa chini sakafuni. Nje watoto wa jirani walikuwa wanacheza kwenye madimbwi, nami nawasikia kwa mbali.

Sikupika ugali wala nini. Nilikwenda kwake mchana uleule, bahasha imechanika, nimeishika mkononi. Nilimkuta anapukuchua mahindi ya mbegu.

"Baba Katekista, hii si yangu. Ni ya Anastazia wa Dagaa."

"Haya. Umekoma wapi?"

"Sikukoma."

Akaniangalia kwa hasira, kisha akanyoosha mkono aipokee. Nikamwambia, "Baba, humu ndani umo wewe."

Akaupandisha ule mkono usoni pangu. "Nyamaza."

"Baba, nisikilize, ni jambo la..."

"Anastazia! Ukinisomea barua ya mtu, hapa tutakuwa wezi wawili. Kama nimo, mwenyewe ataniambia."

Ningepiga kelele pale pale. Mdomo wangu watu wanaujua, hauna pazia. Lakini nilimkumbuka yule kijana na ile miaka miwili, na mkewe Katekista alikuwa jikoni, na jirani anapita na baiskeli, na neno likitoka halirudi. Nikanyamaza. Akaifunga barua kwa uji wa mkewe, akaipiga piga kwa kiganja, akaiweka chini ya kitabu cha misale.

Jumapili iliyofuata akaita tena jina lilelile, akimtazama Anastazia wa Dagaa. Mama wa watu akaja, akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Mimi nikasubiri.

Nilisubiri wiki moja, mbili, mwezi. Nilitaka kuona Katekista akifunga virago. Hakufunga kitu. Aliendelea kufundisha watoto, kugombana na kwaya, kunawa mikono. Anastazia wa Dagaa naye aliendelea kupanga mafungu yake sokoni, tena nikamwona siku moja anacheka na mteja. Nikamchukia. Nilisema moyoni, huyu mwanamke ameimeza. Amechagua mtoto wake, na mzee aliyemfuata nyumbani mwaka mzima akimbembeleza arudi, amemwacha auawe. Nikaacha kununua dagaa kwake. Akinisalimia, "Umeamkaje dada?", namjibu kwa shingo. Siku moja akanishika mkono kwenye njia ya kanisani, akataka kusema kitu, nikauvuta mkono wangu. Ninaona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo nilivyofanya.

Na mimi mwenyewe je? Nilijua vilevile, na nikanyamaza vilevile. Hilo nilikuwa silisemi hata nikiwa peke yangu.

Mvua zikakatika. Mahindi yakaanza kukauka, kwanza majani ya chini, halafu juu. Nikawa kila nikipita kando ya shamba naangalia rangi. Sijawahi kuombea mvua irudi wakati wa mavuno, mwaka huu niliiombea. Juzi Alhamisi kijana wa bodaboda aliyeleta vitambaa vyangu kutoka mjini akaniambia bila hata kuzima pikipiki, "Mama, unajua yule wa kesi ya duka katoka? Ana wiki sasa. Watu wamemwona Sitalike."

Niliacha mlango wazi. Nikamwambia yule kijana nipakie twende shambani kwa Katekista. Njiani nilikuwa nimeshaamua nitasema yote, jela iwe jela, mtoto wa Anastazia Mungu atamjua. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, jua kali.

Nikamkuta mwanzoni mwa shamba ameketi juu ya kiroba anakunywa maji. Nikamwambia hata shikamoo sijatoa.

"Baba, utanisikiliza leo utake usitake. Ile barua..."

"Naijua," akasema.

"Unaijua nini?"

"Anastazia aliniletea jioni ileile niliyompa. Alipiga magoti pale jikoni, akanisomea mstari kwa mstari. Mimi ndiye niliyemwapisha asiseme kwa mtu. Akaniuliza, hata kwa Anastazia mwenzangu? Nikamwambia hata kwake." Akafuta mdomo. "Umemnunia mwenzako kwa miezi mitatu. Nilikuwa nakuona."

Nilihisi uso unaniwaka. Nikamwambia basi twende kituoni, sasa hivi, bodaboda ipo.

"Twende tuseme nini? Wataniuliza nani kakwambia. Jina litafika kule jela kabla hatujarudi nyumbani. Yule kijana nilimfundisha Baba Yetu mimi, akiwa na kamasi. Nimuuze?"

"Basi hama! Nenda kwa mwanao Sumbawanga!"

"Nitahamia hadi lini? Na mke wangu nimwache na nani?" Akatikisa kichwa. "Punguza sauti. Atasikia."

"Nani atasikia?"

Akaonyesha kwa kidevu. Katikati ya mahindi kulikuwa na mwanamume anakata mabua. Niliona shati, kisha panga likipanda, kisha uso. Nilikuwa nimeuona uso ule kizimbani.

Nilitaka kukimbia na nilishindwa. Katekista akaniambia taratibu, jinsi anavyofundisha watoto katekisimu. "Alikuja Jumatatu asubuhi. Akasimama mlangoni, mkono mmoja ndani ya koti. Nikajua. Anastazia, nakwambia kweli, niliogopa kuliko sindano. Nikamuuliza, umekula? Nikamuuliza tena. Akasema bado. Nikamwambia mke wangu alete uji. Alipomaliza nikamwambia nina mahindi na mgongo wangu umechoka, kama anataka kibarua. Akaniangalia, akaniangalia. Akasema, nipe panga basi."

"Ukampa?"

"Nikampa."

"Baba, akili yako nzima?"

"Akiwa porini simjui alipo, wala usiku silali. Akiwa nyuma yangu namjua." Akasimama, akajinyoosha kiuno. "Tena nasikia panga linavyokata. Likiwa linakata sina wasiwasi."

"Na likinyamaza?"

Akaokota kiroba chake, akakikung'uta.

Yule mwanamume akaja kunywa maji. Kwa karibu amekonda sana, mifupa ya mabega imetokeza. Akaegemeza panga mguuni, akanisalimia, "Shikamoo mama." Nikasema marahaba. Akanitazama nguo yangu, akauliza, "Wewe ndiye fundi? Nina suruali, imenizidi kiuno."

"Ilete," nikasema.

"Nitaileta. Nikimaliza hapa."

Sikujua amemaanisha kumaliza nini. Sijui hata sasa. Akanywa vikombe viwili, hakumtazama Katekista hata mara moja, wala Katekista hakumtazama. Wakaingia shambani.

Katekista alikwenda mbele, anavunja mahindi na kuyatupa kwenye kiroba, mgongo wake umeinama. Yule mwanamume nyuma yake, hatua tatu hivi, anakata bua lililobaki na kulilaza. Bodaboda alinipigia honi twende, nikampungia asubiri. Panga lilikuwa linakata, chwa, chwa. Wakafika nusu ya mstari, likanyamaza.

Yule mwanamume alikuwa amesimama wima, panga mkononi, anautazama ule mgongo. Katekista mkono wake ulisimama juu ya hindi. Hakugeuka. Mimi mdomo ulikuwa wazi na sauti haikutoka, na nilijua ikitoka itaharibu kitu ambacho sijui ni nini. Kisha Katekista akalivunja lile hindi, akalitupa kwenye kiroba, akashika jingine.

Panga likaanza tena. Nilisimama pale mpaka walipomaliza mstari. Wakaanza mwingine.